Watani Wetu wa Nchi ya Theluji

Nikiulizwa ninafundisha nini, hutafuta kwanza kitu cha kushika mkononi. Nikiwa harusini nitachukua kopo la maziwa ya unga. Nikiwa dukani Ukunda nitaomba boksi la balbu. Nitamwonyesha aliyeniuliza yale maandishi madogo yaliyo ubavuni, kisha nitamwambia: kuna mtu alikaa akayaandika haya, na alipokuwa akiyaandika hakukuona wewe wala hakuliona jiko lako. Kazi yangu ni kumfundisha mtu huyo. Ninamfundisha aandike ili wewe usiyemjua uyakoroge maziwa sawasawa na mtoto asiumwe na tumbo. Somo lenyewe huitwa mawasiliano ya kiufundi, nami ninalifundisha katika kampasi ndogo huku Pwani ya Kusini, hatua chache kutoka barabara ya Kombani. Mama yangu, anayekaa Msambweni, ana maelezo mafupi zaidi. Huwaambia majirani kwamba mwanawe amesoma hadi chuo kikuu ili awafundishe watu kuandika ile karatasi ambayo kila mtu huitupa pamoja na boksi.

Hakosei sana. Karatasi ile hutupwa kwa sababu mara nyingi haikujaribiwa. Kuyajaribu maelekezo ni jambo rahisi kulieleza: unampa karatasi mtu ambaye hakuwapo ulipoiandika, unamwekea vifaa mbele yake, kisha unanyamaza. Unamtazama anapokwama. Pale alipokwama ndipo penye kosa lako. Shida yangu ya miaka mingi ilikuwa kwamba wanafunzi wangu walipojaribiana wenyewe kwa wenyewe hawakukwama. Wengi wao wanatoka Msambweni, Tiwi, Kinango na Lungalunga, na neno analolisahau mmoja, mwenziwe huwa tayari analijua tangu utotoni. Nilihitaji watu wa mbali, watu wasiojua chochote kutuhusu.

Nikawapata kwa njia ya mtandao, katika mkutano wa walimu wa somo letu kutoka nchi mbalimbali. Nilieleza shida yangu, na mwalimu mmoja wa Ufini akaandika pembeni ya skrini kwamba na yeye ana shida iyo hiyo, ila ya kwake imefunikwa na theluji. Baada ya mkutano tulizungumza wawili, tukakubaliana. Darasa lake lingeandika maelekezo, langu liyajaribu. Langu liandike, lake lijaribu. Kila upande ungerekebisha maelekezo yake kwa kufuata ripoti ya wenziwe. Lugha yetu ya kazi ingekuwa Kiingereza, ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yetu, na hilo lilitupa usawa fulani.

Mwenzangu huyu ni mtu mwema, lakini mwanzoni alinitisha. Simu ikiunganishwa, kabla sijakaa vizuri, husema, "Habari. Nina mambo matatu." Nami nilikuwa nimelelewa kwamba mtu hafiki kwenye jambo la kwanza kabla hajauliza hali ya nyumbani. Basi nikamuuliza. Mama hajambo? Baridi imepungua? Mara ya kwanza alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anafikiria jibu la kweli. Taratibu akazoea, na siku nyingine akawa anaanza yeye: theluji imefika dirishani, mbwa wake hataki kutoka, kwa sababu malori humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke na chumvi hiyo inamchoma miguu. Nilizipenda sana habari za mbwa yule. Baada ya mbwa, tulikuwa tayari kwa yale mambo matatu.

Mwaka huo darasa lake lilituandikia maelekezo ya kutengeneza kikaushio cha jua: sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye matundu ya hewa na kifuniko cha kioo, la kukaushia matunda. Sisi tuliwaandikia maelekezo ya friji ya makaa, ambayo wengi huku wanaijua: kabati lenye kuta za wavu mara mbili, katikati yake unajaza makaa, unayalowesha maji, na upepo ukipita mboga zinakaa baridi bila umeme. Ilikuwa mwezi wa pili, jua la kaskazi linawaka na maembe yamejaa tele sokoni Kombani. Karatasi zikaenda, zikaja. Kila darasa likajenga na kujaribu. Kisha tukabadilishana ripoti za raundi ya kwanza.

Ya darasa langu niliisoma ofisini. Ilisema kwamba wameyapokea maelekezo kwa furaha kubwa, kwamba ni mazuri na yanaeleweka, kwamba maembe yamekauka vizuri, na kwamba wanawatakia ndugu zao wa Ufini kila la heri katika masomo. Niliigeuza karatasi nikitafuta upande wa pili. Ulikuwa mtupu.

Ya wenzetu niliisoma darasani, mbele ya wote, na mpaka leo nadhani ingekuwa bora ningeipitia kwanza peke yangu. Haikuwa na salamu. Ilianza na hatua ya kwanza na kusema kwamba haieleweki. Ikaenda kwenye ya pili. Tulikuwa tumeandika kwamba makaa yaloweshwe hadi itoshe. Wao waliuliza kutosha ni lita ngapi. Tuliandika kabati liwekwe penye upepo. Waliuliza upepo gani, na kama dirisha wazi mwezi wa pili linafaa, kwa sababu walilifungua na mmoja wao akapata mafua. Mwisho ulikuwa mbaya zaidi. Makaa waliyoyajua wao ni yale yanayouzwa dukani kwa ajili ya kuchomea nyama, unga wa makaa ulioshindiliwa kama vitumbua. Waliyamwagia maji kama tulivyowaambia. "Makaa yamekuwa uji mweusi," iliandikwa. "Jaribio limesimamishwa."

Wanafunzi wakatazamana. Kisha msichana mmoja aliyekulia Ukunda, wazazi wake wakiwa wamehamia kutoka bara, akasema, "Hata 'hamjambo' hakuna, Mwalimu? Wameingia tu na viatu hadi kwenye mkeka."

Mwakilishi wa darasa, kijana wa Msambweni mwenye sauti ya taratibu, alisema hajakasirika. Alisema hivyo mara kadhaa. Kisha akaomba, kama haitakuwa taabu, abadilishiwe kazi apewe ya kuandika peke yake.

Jioni ile mwenzangu alipiga simu. Safari hii hakukuwa na mbwa. Aliniambia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba wanafunzi wake hupewa alama kwa namna wanavyorekebisha karatasi yao, na ripoti yetu haikuwapa hata kitu kimoja cha kurekebisha. Mkuu wa idara yake alikuwa ameiona na kuuliza kama kweli jaribio lilifanyika. Kulikuwa na raundi ya pili baada ya wiki mbili. Kama nayo ingekuja namna hiyo, angelazimika kutafuta chuo kingine cha kushirikiana nacho mwaka unaofuata.

"Sisemi kwa hasira," aliongeza.

"Najua," nikamjibu. Na ni kweli nilijua. Hilo ndilo lililonikosesha raha.

Niseme kwa nini. Kabla ya ushirikiano huu, wanafunzi wangu walikuwa wakiniandikia mimi. Waliijua kalamu yangu nyekundu na kuiandikia hiyo. Tangu wawapate wale wa Ufini, walianza kumwandikia mtu. Nilikuwa nikipita karibu na kibanda cha chai nawasikia wakibishana: huyo mtu wa kule anajua kifuu cha nazi? Ana kisu cha namna gani jikoni? Mwalimu anayewasikia wanafunzi wake wakigombania kisu cha mtu wasiyemjua, tena wakati wa mapumziko, hahitaji zawadi nyingine. Hiyo ndiyo niliyokuwa karibu kuipoteza.

Kesho yake nilikwenda nyuma ya karakana kukitazama kikaushio. Maembe yalikuwa yamekauka kweli, mazuri, laini kama ngozi ya kiatu kipya. Nikachukua kipande nikatafuna, huku nikiisoma ile karatasi ya Ufini iliyobandikwa ukutani. Ilisema sanduku lisimamishwe wima, kioo kikitazama mbele kama mlango. Sanduku lililokuwa mbele yangu lilikuwa limelala chali juu ya matofali, kioo kikitazama mbinguni.

Nikamwita mwakilishi wa darasa, nikamuuliza kwa nini limelala. Akaeleza vizuri sana. Walilisimamisha kwanza, kama walivyoambiwa. Saa sita jua lilikuwa utosini, kioo hakikupata kitu, na maembe yakaanza kutoa maji na kuita nzi. Basi wakalilaza.

"Na mbona hamkuandika hivyo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto. "Mwalimu, mgeni akipotea njia, unamwambia amepotea? Unamshika mkono tu mnakwenda naye."

Nilikaa naye pale kwenye matofali nikamweleza, na baadaye nikalieleza darasa zima. Kule kwao, niliwaambia, jua haliji utosini. Wakati wa baridi hupita chini chini, karibu na miti, kwa hivyo kwao sanduku la kusimama ni sawa kabisa, na hawana njia ya kujua kwamba kwetu si sawa, isipokuwa mkiwaambia. Kumwambia si kumvunjia heshima. Ndiyo zawadi waliyoiomba. Wote waliitikia, wakasema wameelewa, na ninaamini walielewa. Siku iliyofuata wakaniletea mfano wa ripoti mpya: "Labda, kama hamtaona vibaya, pengine kioo kingeweza kulala kidogo, ingawa hata kikisimama pia ni kizuri."

Nikawaambia wameanza vyema. Ndivyo ninavyosema daima, na kwa kawaida huwa ni kweli. Lakini moyoni niliona kwamba hili halitafunguka kwa maelezo. Kitu unachokijua kwa akili hakiwezi kila mara kukishinda kile ulichofundishwa ukiwa umekaa mapajani mwa bibi yako.

Jumapili hiyo tulikuwa na sherehe ya arobaini ya mtoto mchanga wa mdogo wangu, nyumbani kwa mama, Msambweni. Mimi nilipewa sufuria ya wali. Sijui nilikuwa nawaza nini, pengine lile sanduku. Nilitia chumvi, nikazungumza na mtu, nikatia tena. Wali ukapakuliwa, watu wakala. Kila niliyepita karibu naye alisema Mashaallah, wali mtamu. Nikaona maji ya kunywa yanakwisha upesi kuliko kawaida, lakini hakuna aliyesema neno. Mama yangu mwenyewe alikula sahani yake yote huku akitabasamu.

Ndipo akaja binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye tangu utotoni hatujawahi kuambiana jambo kwa lugha ya kawaida. Alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Mchumba," aliniita kwa sauti ya kusikika hadi uani, "nimepita pwani asubuhi nikaona bahari imepungua. Nikajiuliza maji yamekwenda wapi. Kumbe yako kwenye sufuria yako."

"Na wewe umekuja na ndoo kuyarudisha," nikamwambia, "maana penye chakula cha bure hukosi."

Ukumbi mzima ukacheka, mama akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya leso. Mara watu wakapata ulimi: ni kweli chumvi imezidi, mimi nilidhani ni kinywa changu, hata mimi. Binamu yangu akakunja mikono ya kanzu, akaingia jikoni, akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi, huku akinitukana bila kupumzika, na tui lake lisilo na chumvi likauokoa ule wali. Mama aliponipokonya upawa aliniambia taratibu, "Sisi tungekula hivyo hivyo, mwanangu. Mtani ndiye mwenye ruhusa."

Nilirudi Kombani na neno hilo. Jumatatu nikaingia darasani nikauliza nani ana mtani. Mikono yote ikapanda. Wakaanza kusimulia: mabibi wanaowaita wajukuu wao wake wenza, mabinamu waliokuja msibani wakalala mahali pa maiti wakidai walipwe ndipo waondoke. Msichana wa Ukunda akasema kwao bara pia wako, na ni wabaya zaidi. Niliwaacha wacheke kwanza. Kisha nikasema: na wale wa Ufini, je, wakiwa si wageni, wakiwa watani?

Nilidhani watalipokea upesi. Mwakilishi wa darasa akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Utani hauanzi hivi hivi. Lazima kuwe na kitu baina ya watu. Babu zao walipigana, au walioana, au mmoja alimwibia mwenziwe ng'ombe. Sisi na hawa kuna nini?"

Alikuwa na haki. Mtu asiye mtani akikutania, hayo ni matusi. Tukakaa tukitafuta kitu hicho. Mmoja akasema hatujawahi kuwapiga. Mwingine akasema wala hawajatuoa, ingawa fukwe za watalii za Diani zina mengi. Hapo kelele zikazidi kidogo nikawatuliza. Msichana wa Ukunda alikuwa ameinama akizitazama zile karatasi mbili mezani kwake, ya kikaushio na ya friji, kama mtu anayepanga mafungu ya nyanya.

"Lakini ngojeni kwanza," akasema. "Hawa watu hawana jua. Nusu ya mwaka hawana jua kabisa. Na ndio waliotufundisha sisi kuanika embe."

Darasa likaguna.

"Na sisi," mwakilishi akasema polepole, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona meno yake, "sisi tumewafundisha watu wa barafu kutengeneza friji."

Nimefundisha muda mrefu, na sidhani nimewahi kusikia darasa likicheka namna ile. Waliokuwa wakipita nje walichungulia dirishani. Kicheko kilipotulia hakuna aliyeuliza tena kuna nini baina yetu na wao. Kosa lilikuwapo, tena pande zote mbili, na lilikuwa kubwa la kutosha.

Ilibaki kuwaambia wao, kwa kuwa utani wa upande mmoja si utani. Nikampigia mwenzangu simu, nikamweleza yote, hata ule wali. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: kwamba huku kwetu heshima hufunga midomo, na wazee walipoliona hilo walifungua dirisha moja. Mtani anaweza kukwambia lolote, mradi akwambie usoni pako. Wewe huna ruhusa ya kukasirika; una ruhusa ya kumjibu. Hagusi maradhi wala umaskini. Na akishakucheka, yeye ndiye wa kwanza kukubebea mzigo.

Alinyamaza. Nami nilikuwa nimeshajifunza kumngoja.

"Kwa hivyo kuna sheria," alisema hatimaye.

"Ziko."

"Wanafunzi wangu watataka maelekezo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, na baada ya kukata simu nikaona kwamba hakuna kazi bora kuliko hiyo. Wanafunzi wangu wakaacha kila kitu wakaandika, kwa Kiingereza chao safi, maelekezo ya utani kwa mtu asiyewahi kuutumia. Waligombania kila hatua. Je, salamu zinatangulia? Zinatangulia. Mtu akinyamaza baada ya kutaniwa, umeumiza au amekubali? Hapo walibishana hadi wakakosa chai. Hatua ya mwisho waliandika kwamba utani usizidishwe. Nikayatuma.

Jibu likaja baada ya siku chache. Lilianza na salamu. Nadhani walizinakili kutoka kwetu, maana walitusalimu kwa kutuuliza hali ya mbuzi, ambao kwa kweli hatuna. Kisha: "Tumeyajaribu maelekezo yenu. Yanaeleweka hadi hatua ya mwisho, inayosema tusizidishe. Kuzidisha ni kiasi gani? Ni sawa na kile kiasi cha maji ya kulowesha makaa?"

Sijui mpaka leo kama walikusudia. Wanafunzi wangu waliamua kwamba walikusudia, na hilo lilitosha.

Ripoti ya raundi ya pili waliiandika kwa siku moja, na hawakunionyesha mpaka ilipokamilika. Nimeihifadhi. Inaanza hivi: "Hamjambo, watani. Tunatanguliza salamu kwa kuwa nyinyi hamkufunzwa. Mmetuambia tulisimamishe sanduku kama mlango. Tumelisimamisha. Jua likapita juu yake likaenda zake, halikubisha hodi. Jua lenu ni kizee, hutembea limeinama, kwa hivyo mnaliwekea mlango. Letu husimama juu ya kichwa cha mtu saa sita, na anayelitaka lazima alifungulie paa. Lazeni kioo. Waambieni wasomaji wenu watazame kwanza jua la kwao liko wapi saa sita, kisha wakielekeze kioo huko." Wakaendelea na mengine. Karatasi ilisema maembe yakatwe vipande vyembamba. Waliuliza vyembamba kama nini, maana mtu wa kwetu akisikia vyembamba humfikiria mwenye duka la nyama anapompunja mteja. Karatasi ilisema yakaushwe hadi yawe kama ngozi; waliuliza ngozi ya nani. Kila kejeli ilikuwa na rekebisho nyuma yake, kipimo au mchoro. Yule kijana aliyetaka kuandika peke yake ndiye aliyechora michoro.

Ya wenzetu nayo ikaja. Safari hii niliisoma kwanza peke yangu, kisha nikawasomea. "Hamjambo. (Tumesalimu.) Watu ambao hawajawahi kuvaa soksi mbili wametuandikia friji. Tunashukuru. Tunayo. Inaanzia nje ya mlango na kuishia ncha ya dunia. Ili tuijaribu ya kwenu ilibidi tuiingize ndani na kuipashia chumba moto, kisha tukae na fulana tukingoja nyanya zipoe. Zimepoa. Tumetumia makaa ya mti, vipande vya ukubwa wa yai, kama mlivyotufafanulia baada ya ule uji. Andikeni neno hilo kwenye hatua ya kwanza, msilifiche mifukoni."

"Soksi mbili," msichana wa Ukunda alirudia, akitikisa kichwa. "Hawa sasa wamekuwa watu."

Neno la makaa ya mti likaingia kwenye hatua ya kwanza mchana ule ule.

Siku zile za kungoja uamuzi wa mwenzangu sikulala vibaya. Niliona kazi imefanyika, na likija lolote, wanafunzi wangu wameshaandika ripoti ambayo mtu angeweza kuitumia. Lakini nilikuwa nikichungulia barua pepe zaidi ya ilivyo desturi yangu, na nilipoona anapiga simu, nilisogeza kikombe cha chai mbali na kompyuta.

Alionekana amekaa karibu na dirisha. Nyuma yake, kwenye kizingiti cha dirisha, lilisimama sanduku jeusi lenye kioo, wima kama mlango, na jua la kwao, jekundu na dhaifu, lilikuwa likiingia ndani yake moja kwa moja. Ndani ya sanduku kulikuwa na vipande vya tufaha.

"Hamjambo," alisema. "Mama hajambo? Maembe yamekwisha sokoni?"

Nikamwambia mama hajambo, na maembe yanaelekea kwisha, yamebaki ya mwisho mwisho. Nikamuuliza mbwa. Mbwa amenunuliwa viatu, anavichukia. Hatukuwa na haraka.

"Nina mambo matatu," akasema hatimaye, nami nikakaa sawa. La kwanza, karatasi ya kikaushio imerekebishwa, na sasa ina picha mbili ubavu kwa ubavu: sanduku lao lililosimama na letu lililolala, na chini yake maneno yanayomwambia msomaji atazame jua la kwao saa sita. Mkuu wa idara yake ameibandika kwenye ubao wa korido. La pili, ametazama kalenda ya mwaka ujao na angependa kujua wanafunzi wangu wapya wataanza lini, ili apange wa kwake waanze wiki iyo hiyo. Alilisema kama mtu anayeuliza saa ngapi. Nikamtajia wiki. Akaiandika.

"Na la tatu?" nikauliza.

Alitazama chini kwenye karatasi yake. Nikaona amelitayarisha, na kwamba halijamkalia vizuri mdomoni. "La tatu. Nimefikiri juu ya ule wali wako. Nimeelewa sasa kwa nini wanafunzi wako huandika hadi itoshe. Hata chumvi mwalimu wao huitia hivyo."

Sheria ni sheria. Utani haukasirikiwi, hujibiwa.

"Mwenzangu," nikamwambia, "mimi angalau chumvi yangu naimwaga kwenye chakula. Nyinyi mnaimwaga barabarani, kisha mnamvisha mbwa viatu."

Akanyamaza. Akanitazama. Nikajiuliza moyoni kama mtandao umekatika, kama nimezidisha, kama ile hatua ya mwisho tungeiandika vizuri zaidi. Kisha akacheka, kwa sauti kubwa isiyo yake, hata sanduku likatikisika dirishani na kipande kimoja cha tufaha kikaanguka chini, na mbwa, kwa viatu vyake vyote, akaja akakila.